Siku ya Kuonewa Kijicho

Mafundi wa nakshi ni watu wa ajabu kidogo. Siku ya kuzaliwa ya mwenzao hawaleti zawadi iliyofungwa karatasi ya kung'aa, wala hawaimbi. Wanakuja mikono mitupu, wanakaa, wanakunywa chai, halafu mmoja mmoja anasimama na kutaja mstari mmoja, mmoja tu, ambao mwenye siku aliuchonga na ambao yeye msemaji anauonea kijicho. Si kusifu hivihivi kwa jumla, hapana. Lazima utaje kitu chenyewe, mahali penyewe na mstari wenyewe: ile shingo ya ndege kwenye bamba fulani, ule mviringo ndani ya pete fulani. Na mwenye siku akishaonewa kijicho hulipa papo hapo. Anaeleza mbele ya wote mstari ule aliupataje. Wameishi hivyo miaka nenda miaka rudi, na ukiwaambia kwamba watu wengine hupeana soksi, wanakuhurumia.

Basi Alhamisi moja asubuhi, siku mbili kabla ya kutimiza miaka sitini na sita, fundi mmoja aliyeitwa Unywele aliweka kikombe mezani akamwambia mkewe, "Waambie naumwa."

Jina la Unywele alipewa na mafundi wenzake kwa sababu ya wembamba wa mistari yake. Mkewe walimwita Shemeji, wote, mkubwa kwa mdogo, mpaka wenye maduka wa mtaa ule wakadhani ndilo jina lake. Nasi tumwite hivyohivyo.

"Unaumwa nini?" Shemeji akauliza.

"Chochote. Homa. Mgongo. Chagua wewe."

"Mgongo uliutumia kwenye harusi ya mpwa wangu."

"Basi homa."

Shemeji alimmiminia chai nyingine, nusu kikombe. Siku hizi alimjazia nusu tu, na hakuna aliyelizungumzia jambo hilo. Mkono wa kulia wa Unywele ulikuwa umeanza kutetemeka mwaka mmoja na miezi minne iliyopita, kwanza kidole kimoja, kisha mkono mzima. Kikombe kikijaa kilimwagika njiani kabla ya kufika mdomoni. Daktari alisema ni jambo la kuishi nalo. "Yeye anaweza kuishi nalo," Unywele alisema siku ile wakirudi nyumbani, "mwandiko wake tangu zamani hausomeki."

Kazi lakini haikusimama hata siku moja, na hapo ndipo penye siri ya nyumba hii. Miaka thelathini na moja Shemeji alikuwa akisugua shaba, akipaka chaki, akichora kwa penseli nyembamba michoro ambayo mumewe angeipitia kwa kalamu ya chuma. Asubuhi moja mteja alikuja kuchukua pete, na jina ndani ya pete lilikuwa nusu. Unywele alijaribu mara mbili, akaweka kalamu chini, akageukia dirishani. Shemeji aliichukua kalamu ile akamalizia jina. Mteja alishukuru, akaondoka. Tangu siku hiyo Shemeji ndiye aliyechonga, nyuma ya pazia la chumba cha kazi, na Unywele akakaa mbele kupokea wateja. Mwishoni mwa kila kazi Shemeji alichonga pia alama ya mumewe, vikato vitatu vidogo kama unyayo wa kuku, kwa sababu kazi isiyo na alama hainunuliki.

Unywele hakuwahi kuvuka pazia lile mkewe akiwa kazini. Alisema anahitajika mbele, wateja wasije wakaondoka. Uongo mtupu. Hakuweza kuvumilia kutazama, basi.

"Watasema mambo ya zamani," Shemeji alimwambia. "Kinyundo amelionea kijicho lile bamba la maktaba mara tatu. Atalionea ya nne."

"Na wakitaja kitu cha mwaka huu?"

"Utajibu."

"Nitajibu nini? Kwamba nilikaa mbele nikisoma gazeti?" Unywele alishusha sauti ingawa walikuwa wawili tu. "Unakumbuka tulivyomtoa yule bwana."

Shemeji alikumbuka. Miaka tisa nyuma, fundi mmoja alipeleka bamba likachongwa kwa mashine, kisha akaweka alama yake. Mafundi walikaa kikao, hapahapa kwenye chumba hiki, wakamtoa. Ndani ya mwezi hakupata kazi, maana shule, vilabu na maduka ya pete hawamwendei fundi moja kwa moja. Wanampigia simu Mzee Lenzi, mkubwa wa mafundi, na Mzee Lenzi ndiye anayesema kazi hii apewe nani. Yule bwana sasa anauza viatu.

"Unakumbuka nani alisema kwa sauti kubwa kuliko wote siku ile?" Unywele akauliza.

"Nakumbuka. Nilikuwa nawamiminia chai."

"'Alama ni mkono. Alama bila mkono ni wizi.' Nilipiga na meza, kumbuka. Nilikuwa na mkono wa kupigia meza."

Shemeji alikusanya vikombe. Alijua kwamba wasipowakaribisha mafundi Jumamosi, mafundi watakuja Jumapili na dawa ya homa, na Kinyundo atakaa mpaka mgonjwa apone. Akamweleza mumewe hivyo, naye akacheka kidogo, akakubali. Lakini kulikuwa na sababu ya pili ambayo Shemeji hakuitaja. Alitaka waje. Alitaka kukaa chumba kimoja na watu wanaojua mstari ni nini, hata kama yeye mwenyewe ni wa kushika birika tu.

*

Walifika Jumamosi saa nane mchana, jua likiwa bado limejaa dirishani. Walikuwa watatu, kwa maana wengine wa kundi lao wamekwisha kufa au wamehamia kwa watoto wao.

Kinyundo aliingia wa kwanza, na nyumba nzima ilijua. Ni mtu mnene, mchongaji wa vikombe vya michezo, anayefanya kazi kwa kugonga na kuongea kwa kugonga vilevile. "Sitini na sita!" alipaza sauti. "Na huo unywele wenyewe kichwani uko wapi?"

"Nimekuazima wewe, uko tumboni mwako," Unywele akajibu, na kila mtu akacheka, na Shemeji akaona bega la mumewe limeshuka kidogo. Afadhali.

Nyuma yake alikuja Dada wa Saa, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, ambaye kazi yake ni kuchonga vifuniko vya saa za mfukoni na za mkononi. Ni mchache wa maneno. Akiwa hana kazi vidole vyake huchezacheza hewani, kama vya mtu anayehesabu. Wa mwisho alikuwa Mzee Lenzi mwenyewe, miaka sabini na tisa, lenzi yake ikining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Alimshika Unywele bega, akamtazama usoni kwa muda mrefu, akasema, "Unazeeka vizuri, bwana." Kisha akaketi kwenye kiti kizuri, kile chenye mikono.

Unywele alikuwa amekaa na mkono wa kushoto juu ya wa kulia, magotini, kama mtu anayengoja kupigwa picha. Alikuwa na desturi ya kuwapa watu mkono. Leo aliwakumbatia wote, na hakuna aliyeshangaa, kwani ni siku yake.

Chai ikanywewa, keki ikakatwa. Kinyundo akasimama.

"Mimi mwaka huu siendi zamani," alisema. "Lile bamba la maktaba nimelichoka. Mnakijua kikombe cha mbio cha wale wasichana, cha mwezi wa sita? Mimi nilikiona ofisini kwa mwalimu wao. Pale chini, utepe unapozunguka mguu wa kikombe, kuna mkunjo unajificha nyuma, halafu unachungulia. Unachungulia, jamani! Nilikigeuza mara kumi. Nilirudi nyumbani nikamgombeza mke wangu bila kosa lolote. Ule mkunjo nauonea kijicho, na siku njema ya kuzaliwa."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na birika. Masikio yake yalipata moto. Mkunjo ule aliufanya kwa alasiri mbili, tena siku ya pili alikuwa na mafua. Alirudi jikoni, akaweka birika, akashika ukingo wa sinki kwa mikono yote miwili, akacheka bila kutoa sauti. Kisha machozi yakamtoka, akayafuta kwa kitambaa cha vyombo. Kuna mwanamke wa watu amegombezwa kwa ajili yangu, alijiambia, na Mungu amsamehe, furaha aliyoipata haikuwa ndogo.

Aliporudi, mumewe alikuwa analipa. "Nilianza na kivuli," Unywele alikuwa anasema, "utepe ukaja baadaye." Kwa bahati ilikuwa kweli, kwa sababu hivyo ndivyo alivyomfundisha mkewe kuchora. Kinyundo alitikisa kichwa, akaandika 'kivuli' kwenye kiganja chake. Unywele alimtupia mkewe jicho la haraka. Limepita hilo.

Dada wa Saa akasimama, mikono imeshikana mbele.

"Kangu ni kadogo," alisema. "Kile kisahani cha fedha cha mama mwenye duka la maua. Herufi ya mwisho, mkia wake. Unaanza mwembamba, unanenepa tumboni, na unaisha mwembamba kuliko ulivyoanza. Kwenye fedha nyembamba vile! Mimi kalamu ingeteleza mwishoni, ningekwaruza sahani nzima. Mkia huo nimeuota, kweli nimeuota." Akaiachanisha mikono. "Na siulizi kwa adabu tu. Nina kifuniko cha saa, dhahabu tupu, chembamba kama ganda la yai, cha mzee anayestaafu. Jumatatu naanza kuchonga mkia kama ule. Nimeingoja siku hii makusudi."

Unywele alikohoa. Halafu akaeleza, na kwa kweli alieleza kwa uzuri. "Ni pumzi moja, dada yangu. Unaingia kichwani, unatokea mkiani, husimami njiani. Ukisimama umekwisha. Tumboni unabonyeza, kisha unaiacha kalamu itoke yenyewe. Kuogopa ndiko kunakotelezesha."

Hivyo ndivyo alivyochonga yeye miaka arobaini, kwenye shaba nene, kwa mkono ule wa zamani.

"Pumzi moja," Dada wa Saa alirudia, akichora hewani kwa kidole. "Nisisimame. Nibonyeze tumboni."

Shemeji alikuwa ameshika sahani ya keki. Njia ile aliijaribu mara tatu kwenye kipande cha fedha chakavu kabla ya kukigusa kile kisahani, na mara zote tatu kalamu ilirukia nje na kuacha mkwaruzo mrefu kama makucha ya paka. Nyamaza, alijiambia. Nyamaza, Shemeji, gawa keki. Kidole cha Dada wa Saa kikapita hewani tena, kichwani, tumboni, mkiani, vile vile alivyoelekezwa. Ingekuwa shaba angenyamaza. Lakini dhahabu, tena ya mtu mwingine!

"Sivyo," Shemeji alisema.

"Sivyo nini, Shemeji?" Kinyundo akauliza, keki mdomoni.

"Usiutoe kwa pumzi moja, utateleza. Kile ni chembamba, pale mkiani hapana kitu cha kuishikilia kalamu. Anza mkiani kwenyewe, uje mpaka tumboni, uinue kalamu. Geuza saa. Anza kichwani, uje tumboni. Vikutane pale penye unene, hakuna atakayeona."

"Kuunganisha?" Mzee Lenzi alisema. Alitamka kama mtu aliyekuta unywele kwenye chakula. Mstari wa kuungwa ndicho kitu cha kwanza ambacho mwanafunzi wa nakshi hukatazwa, wiki ya kwanza kabisa, na asiposikia hupigwa kikofi. "Nani amekufundisha kuunganisha mstari?"

"Hakuna aliyenifundisha. Sikuwa na nguvu ya kuumaliza mara moja."

Ndiyo hivyo, lilishatoka. Shemeji alilisikia neno lake mwenyewe likitua katikati ya chumba. Kinyundo aliacha kutafuna. Dada wa Saa alimtazama Shemeji mikono, kisha akamtazama Unywele mikono, ule wa kushoto ukiwa bado umeulalia wa kulia.

"Nataka kusema namwona akifanya," Shemeji alianza. "Huwa nasimama pale, namwona anavyo..."

"Acha, mke wangu," Unywele alisema.

Aliinua mkono wa kushoto, akauacha wa kulia peke yake juu ya goti. Ulitetemeka pale mbele ya wote, taratibu, bila kukoma. Hakuuficha tena wala hakuutazama.

"Mwaka mmoja na miezi minne," alisema. "Kikombe cha mbio ni chake. Kisahani ni chake. Chochote kilichotoka hapa tangu wakati huo ni chake. Alama alichonga yeye, lakini kwa neno langu mimi. Ukali wowote mlio nao uleteni huku."

Hakuna aliyepaza sauti. Ingekuwa afadhali wangepaza. Mzee Lenzi aliishika lenzi yake, akaisugua kwa ncha ya shati, ingawa haikuwa na vumbi.

"Mimi nina miaka sabini na tisa," alisema hatimaye. "Mwaka mzima nimezunguka mji huu nikiwaambia watu, mtazameni Unywele, mkono wake unazidi kutulia kadiri anavyozeeka. Unajua kwa nini nilipenda kulisema hilo?"

"Hapana, Mzee."

"Kwa sababu kila asubuhi nikiamka, kabla sijanawa uso, nanyoosha mkono wangu nautazama. Nikikukumbuka wewe napata moyo." Akaiachia lenzi ikaning'inia. "Kumbe nilikuwa napata moyo wa bure."

"Nisamehe, Mzee."

"Na yule bwana wa viatu?"

"Mimi ndiye niliyesema atolewe. Nami nitoeni hivyohivyo."

"Yule alipeleka mashine!" Kinyundo aliingilia. "Huyu ni mkewe, Mzee, si mashine. Ni vitu viwili."

"Hatukusema mashine siku ile. Tulisema mkono." Mzee Lenzi hakuwa na hasira tena, alikuwa amechoka. "Alama yako imeishia leo, Unywele. Isichongwe tena popote, na mtu yeyote. Na wenye vitu hivyo waambiwe, mmoja mmoja, kwa mdomo wako mwenyewe."

"Nitawaambia."

"Wengine watarudisha."

"Warudishe."

Shemeji aliweka sahani ya keki juu ya kiti kitupu. Alitaka kuukata ulimi wake. Neno moja tu, na amemvua mumewe miaka arobaini, tena siku yake ya kuzaliwa, mbele ya watu anaowapenda kuliko ndugu. Alimtafuta macho. Unywele alikuwa anatazama dirishani.

Ni Dada wa Saa aliyezungumza, kama mtu anayeomba radhi. "Samahanini. Mimi bado nina dhahabu Jumatatu. Naomba niuone huo mstari."

*

Pazia likafunguliwa. Chumba cha kazi kilikuwa kidogo: meza ya mbao iliyokatwakatwa ukingoni, taa, kalamu za chuma zimepangwa kwenye kopo, na ule mto wa ngozi uliojaa mchanga ambao juu yake fundi huweka kitu anachokichonga, ili aweze kukigeuza. Shemeji aliketi. Akatafuta kipande cha fedha chakavu, akakilaza juu ya mto. Kinyundo alijibana kwenye kona, Dada wa Saa akainama karibu mpaka nywele zikagusa taa. Mzee Lenzi alikuja nyuma yao, polepole, akisema anakuja kunyoosha miguu tu. Unywele alibaki mbele, kwenye kiti chake.

Shemeji alianza mkiani. Kalamu iliingia ikatoa uzi mwembamba wa fedha, ukajikunja, ukaanguka. Alifika tumboni, akainua kalamu. Akageuza mto kwa mkono wa pili. Akaanza kichwani.

"Hapo," alisema. "Sasa polepole. Hapa ndipo vinapoonana."

Alipuliza vumbi, akasogeza kiti. Mzee Lenzi akaweka lenzi jichoni, akainama.

"Kiungo kiko wapi?" aliuliza.

"Hapo tumboni."

"Tumboni wapi?"

"Hapohapo unapotazama, Mzee."

Alitazama. Aligeuza kipande juu chini, akakipeleka dirishani kwenye mwanga wa jua, akarudi nacho. Akatazama tena. Kinyundo alifungua mdomo aseme kitu cha kuchekesha, akaona uso wa mzee, akaufunga.

"Mh," Mzee Lenzi alisema. Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, iliyokuwa karibu. "Mimi bado sijasema kijicho changu. Nilikuja nacho toka nyumbani. Ni zile pete za wale wazee wawili, waliooana wakiwa na wajukuu. Ndani ya pete ya bibi harusi, kati ya jina na jina, kuna jani moja tu, dogo, limeinama kidogo upande wa jina la mume. Wateja hawalioni lile. Ni la nani?"

"Ni langu," Shemeji alisema.

"Umeliinamisha makusudi?"

"Makusudi. Bibi harusi alikuwa anamwinamia hivyohivyo walipokuwa hapa dukani."

"Basi nimebeba mzigo wa mtu mwingine," Mzee Lenzi alisema. "Na siwezi kuushusha, leo si siku yako. Siku yako ya kuzaliwa ni lini?"

"Tarehe kumi na tisa, mwezi wa pili."

"Imeshapita."

"Imepita."

"Tutakuja ijayo. Kabla ya hapo utafute alama yako, uniletee niione. Si unyayo wa kuku. Yako." Akainuka kwa kushika meza. "Nami nikipigiwa simu, nitasema kazi zije hapa kama zilivyokuwa zikija. Nitasema pia nani anazifanya. Wanaotaka watakuja."

"Basi na mimi ule mkunjo nauchukua tena," Kinyundo akasema, akijitoa kwenye kona. "Nitausema mwezi wa pili. Nimegombeza mke wa watu bure? Hapana." Akakumbuka kwamba mke aliyemgombeza ni wake, wakacheka wote, hata Mzee Lenzi, kwa pua.

Dada wa Saa hakucheka. Alikuwa bado ameinama juu ya kipande cha fedha, kidole kikienda hewani, mkiani tumboni, kichwani tumboni.

*

Walipoondoka ilikuwa bado mchana. Mzee Lenzi alimuaga Unywele kwa kumshika ule mkono wa kulia, akaushika kwa mikono yake miwili mpaka ukatulia kidogo. Kinyundo alichukua keki iliyobaki. Mlango ukafungwa.

Shemeji alisimama katikati ya chumba na vikombe vichafu pande zote.

"Nimekuvua nguo mbele ya watu," alisema.

"Ilikuwa dhahabu," Unywele akajibu. "Na mimi ningesema."

"Wewe ungenyamaza."

Alifikiri. "Ningenyamaza," akakubali. "Ndiyo maana naona aibu."

Shemeji alianza kukusanya vikombe, akaviacha. Jumatatu kulikuwa na bamba la shule la kupelekwa, na pembe yake moja haijaguswa. Mambo ya alama yatajulikana hukohuko mbele, bamba halikuwa na habari nayo. Aliingia ndani, akawasha taa, akaketi. Akasikia kiti cha mumewe kikilia. Alidhani anaenda kulala.

Unywele alikuwa amesimama penye pazia. Hakuingia.

"Mimi si fundi tena tangu saa tisa," alisema, "kwa hiyo siruhusiwi kumwonea mtu kijicho. Lakini nina changu cha zamani, cha kabla ya saa tisa. Nikiseme?"

"Kiseme."

"Ile pete ya siku ya kwanza. Jina lile nililoliacha nusu. Kabla sijampa mteja niliiweka chini ya lenzi, wewe ulikuwa unanawa mikono. Niliomba iwe mbaya." Alishika ukingo wa pazia. "Kweli niliomba. Iwe mbaya, nikwambie basi, acha, tufunge duka. Nikatafuta kosa dakika nzima. Palipoanzia mkono wako na palipoishia wangu, sikupaona. Nilikuonea kijicho mpaka nikashindwa kula, na nimekuonea kila siku tangu hapo, ndiyo maana hujaniona huku ndani. Haya. Sasa nilipe. Uliupataje?"

Shemeji alikuwa ameshika kalamu, ncha yake ikiwa juu ya shaba. Machozi yalifanya bamba lote lionekane limejaa maji. Alingoja mpaka akaliona tena vizuri.

"Ulikuwa umegeukia dirishani," alisema. "Hiyo ndiyo siri. Ungekuwa unanitazama ningetetemeka."

Unywele alivuka pazia. Alichukua ile ndoo kwa mkono wa kulia, ikagongagonga mguu wa meza njia nzima, akaigeuza karibu na mkewe, akaketi, akainama mpaka mabega yao yakagusana.

"Tetemeka," alisema. "Humu ndani tumeshazoea."